Sisi wenye masikio yanayolia nasi tukumbukwe

Mhariri, naomba kanafasi. Mi ni mkazi wa Mafinga, nimepasua mbao miaka mingi na sasa masikio yote mawili yanalia kama nyenje, haukatiki huo mlio, mchana kelele za mtaani zinaufunika kidogo ila usiku watu wakilala ndo unapanda usingizi hakuna.

Zahanati niliambiwa malaria, jirani akasema nimetupiwa kitu, mwingine et nitie mafuta ya moto (jamani msitie kitu masikioni!). Mpaka nilipopanda gari kwenda Mbeya kwa daktari wa masikio, akachungulia kama kuna nta, akauliza kama nimetumia kwinini maana nayo inaleta mlio, akanipima usikivu. Kumbe vinyweleo vya ndani kabisa ya sikio vinavyonasa sauti vikishaharibiwa na kelele havioti tena. Dawa ya kuukata mlio haipo, ila kuna vifaa vya kusaidia kusikia, kuna ushauri nasaha, na mimi nalala na redio sauti ya chini, inasaidia kwa kweli.

Sasa kelele ya desibeli 85 kwa masaa 8 kila siku inatosha kuharibu masikio taratibu na msumeno wa mbao unapita hapo, lakini vijana wanapasua masikio wazi. Sheria ya usalama kazini ipo tangu 2003. OSHA, wale wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, waje huku viwandani, mabosi wanunue vizuia kelele, na hospitali za wilaya ziletewe vipimo vya usikivu, nauli ya Mbeya sio kila mtu anayo.

Msomaji wenu, Mafinga