Mwanangu Idrisa, mrudie Mei kabla ya Jumamosi

Mwanangu Idrisa,

Muswada wako wa filamu nimeumaliza. Ile sehemu ya watu kugombania kivuli kituoni imeandikwa na mtu anayeijua kazi, na baba yako ameshaisimulia hadi msikitini. Hilo ulijue. Lakini kuna jambo linaninyima raha na nitalirudia mpaka unichoke: huyu binti uliyemwita Mei. Ana kurasa 11 na hataki kitu chochote. Anamimina chai, anainamisha macho, anampenda Mzungu, anakufa ili Mzungu apate funzo. Baba yake, Bwana Lee, yuko nyuma ya kioo cha duka anahesabu noti na kuongea maneno nusunusu. Jumamosi unaondoka kwenda Los Angeles kusomea uandishi wa filamu, na huu ndio muswada utakaowaonyesha walimu wako. Mrudie Mei, baba.

Uliniambia ndivyo Waasia wanavyoonekana kwenye sinema. Ni kweli. Na zile kanda za karate za hapa nyumbani ulizitazama peke yako, hakuna mtu mzima aliyekaa kukueleza. Basi nakueleza sasa.

Sura hizo zilianzia kwenye sheria. Mwaka 1875 Marekani ilipitisha Sheria ya Page, na kwa utekelezaji wake mwanamke wa Kichina aliyefika bandarini alichukuliwa kuwa kahaba mpaka athibitishe kwamba siye. Mwaka 1882 ikafuata sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina, ikadumu hadi 1943. Wanaume waliojenga reli ya kuvuka bara, iliyokamilika 1869, wakabaki bila wake. Wakafukuzwa migodini, wakasukumwa kwenye kufua nguo na kupika, kisha wakachekwa kwamba si wanaume kamili kwa kuwa wanafua na kupika. California iliwazuia hata kuoa Wazungu, mpaka mahakama kuu ya jimbo ilipoiangusha sheria hiyo mwaka 1948. Unapomwandika Lee bila mke, bila hamu, bila hasira, unanakili sheria hizo bila kujua.

Sinema ikaendeleza. Sessue Hayakawa, Mjapani, baada ya filamu ya The Cheat ya 1915 alikuwa kipenzi cha wanawake wa Marekani, kwa hiyo usikubali mtu akuambie watazamaji hawawezi kumpenda mwanamume wa Kiasia. Anna May Wong alizaliwa Los Angeles hukohuko uendako, mwaka 1905. Ilipotengenezwa The Good Earth, filamu ya 1937 kuhusu wakulima wa Kichina, nafasi ya mume alipewa Paul Muni, Mzungu. Kanuni ya maadili ya studio ilichukuliwa kukataza mapenzi ya watu wa rangi tofauti, hivyo na mke ikabidi awe Mzungu: Luise Rainer, naye akapata Oscar. Wong akabakiziwa mke mdogo mtongozaji, akakataa.

Sasa kazi yenyewe. Amua kwanza hawa ni watu wa wapi. Duka la pombe kusini mwa Los Angeles, mwaka 1992: mwenye duka wa Kiasia hapo kwa kawaida angekuwa Mkorea, na wewe mwenyewe umemwekea kimchi, ile kabichi ya kuchachushwa ya Kikorea, kwenye friji. Lee linapita, Wakorea na Wachina wote wanalo. Mei halipiti, ni jina la Kichina. Mkorea angemwita bintiye Ji-young au Eun-hee. Yaani baba ni Mkorea na binti ni Mchina, katika nyumba moja! Na huyo mama marehemu usimwite Bibi Lee ovyo. Korea mwanamke haachi jina la ukoo wa kwao akiolewa.

Halafu onyesha pesa za duka zilitoka wapi. Wahamiaji wengi wa Kikorea walianzisha biashara kwa kye, ambao ni upatu kama huu wetu: kila mtu anatoa, mmoja anachukua, zamu inazunguka. Unajua upatu unavunjika vipi: mtu anapokea mapema, halafu haonekani. Mpe Lee deni hilo. Mpe na shahada ya chuo ambayo Marekani haikuitambua, wengi wao walikuwa nazo. Hapo ukali wake kaunta utakuwa na chanzo. Usisahau kwamba mwezi Machi 1991 mwenye duka Mkorea alimuua kwa risasi binti Mweusi wa miaka 15 katika ugomvi wa chupa ya juisi, na hakimu hakumpeleka jela. Mwaka uliofuata, ghasia zilipozuka Los Angeles, maduka zaidi ya 2,000 ya Wakorea yaliharibiwa. Wateja wako Weusi na Lee wote wanalijua hilo wanapotazamana kwenye kioo. Kwenye muswada wako hakuna anayelijua.

Kiingereza chake usikivunje kwenye maandishi. Mtu aliyehamia na miaka 40 mwandikie sentensi fupi zilizo sahihi, lafudhi mwachie mwigizaji. Binti aliyezaliwa Los Angeles anaongea kama Los Angeles. Ile sahani ya shaba inayogongwa Mei anapoingia, ifute. Filamu ya Sixteen Candles ya 1984 ilifanya hivyo kila alipotokea mwanafunzi wa Kiasia, na watoto wengi wakaja kuitwa jina lake shuleni.

Kisha chukua kalamu nyekundu, pigia mstari maneno ya kumtambulisha kila mwanamke anapoingia mara ya kwanza. Kwa Mei umeandika mwembamba, mpole, ngozi laini. Kwa Karen, yule mwanamke wako mwingine, umeandika amechoka, amebeba mafaili, amechelewa. Mmoja umempa mwili, mwingine umempa siku nzima ya kazi. Jaribu kuweka Karen mahali pa Mei. Ukurasa ukianguka, ujue ulikuwa umesimama juu ya dhana tupu. Ila usiishie hapo, maana ukibadilisha majina tu utapata mtu asiye na kwao, mhusika bapa vilevile.

Na nakuona utakavyotaka kurekebisha: utampa upanga. Usifanye! Wahusika wawili wa Kichina wa sinema za zamani, Fu Manchu mwovu na Charlie Chan mpelelezi mpole, waliigizwa na mtu mmoja, Warner Oland, mzaliwa wa Sweden. Mpole kupita kiasi na hatari kupita kiasi vilitoka kwenye kabati moja la mavazi. Mei anataka nini? Chuo cha mbali? Kuuza duka? Kuachana na kanisa la baba yake? Yule kondakta katika mchezo wako wa kwanza ulimpa deni, mguu mbovu na mchumba Korogwe. Unaweza.

Kaka wa Mei, yule bingwa wa hesabu, naye ana historia. Sheria ya uhamiaji ya 1965 iliwapa nafasi wenye taaluma na ndugu wa raia. Madaktari na wahandisi walichaguliwa kwanza, kisha ikasemwa Waasia akili iko kwenye damu. Mwaka 1966 mwanasosholojia William Petersen aliwasifu Wajapani wa Marekani katika jarida la New York Times, watu ambao mwaka 1942 serikali ilianza kuwafungia makambini, takriban 120,000. Sifa hiyo ikageuzwa fimbo ya kuwapiga Weusi waliokuwa wakidai haki. Hili linakuhusu wewe mwenyewe. Utaambiwa ninyi mliotoka Afrika ni wasomi, si kama Weusi wa hapa. Ni fimbo ileile. Usiishike.

Unaniona nakazania mhusika wa kubuni. Tarehe 16 Machi 2021, kwenye nyumba za masaji za Atlanta na jirani yake, mtu mmoja aliua watu 8, wanawake 6 kati yao wenye asili ya Asia, wanne wakiwa Wakorea. Aliwaambia polisi kwamba mahali hapo palikuwa kishawishi kwake. Wanawake waliokuwa kazini, yeye aliona kishawishi. Ndiyo maana sitaki Mei ainamishe macho kwenye ukurasa wako.

Ulipata muda wa kwenda Dar kuchagua viatu, jioni moja ya kusoma ilikushinda. Haya. Presha ya baba yako imeshuka, ila chumvi bado anaiiba. Upatu wangu unanifikia mwezi wa nane, ukipungukiwa kabla ya hapo mwambie mjomba, usikope kwa wenzako. Begi lisizidi kilo 23, na nyama kavu ya bibi usiibebe, wataichukua uwanjani. Kurasa mpya za huyo binti nitumie kwa WhatsApp hata usiku wa manane. Na ufunguo wa stoo nimeutafuta tangu juzi. Angalia kwenye suruali yako ya kijivu.

Mama yako