Kikundi kimeshapiga kura, lakini mimi nashindwa kusaini

Ndugu mshauri na wasomaji wenzangu, salaam.

Mimi ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa hapa Tandika, Temeke. Tupo 28: mama lishe, wauza mitumba, na wengine wanaodamkia Feri kununua samaki mnadani na kuja kuwakaanga huku mtaani. Kila wiki tunanunua hisa na kuchangia mfuko wa jamii, na sanduku letu lina kufuli tatu ambazo funguo zake zinakaa kwa watu watatu. Mimi si mmoja wao, na naona ni sawa iwe hivyo.

Mwaka huu wengi wanataka tuombe mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Hauna riba. Ulisitishwa mwaka 2023 kwa sababu ya vikundi hewa na fedha zisizorejeshwa, ukarudi 2024, na watu wameusubiri kwa hamu. Andiko letu la mradi linasema tutanunua majokofu ya kuhifadhia samaki na kuongeza mitaji. Tukapiga kura. Waliokataa ni sita tu, karibu wote wale walioanzisha kikundi, wenye hisa nyingi na wasiochelewesha rejesho. Hoja yao ni kwamba deni la kikundi ni la wote. Mmoja akitoroka, wanaobaki ndio watakaolipa.

Kama ni hilo tu nisingewasumbua. Wengi wape, na katiba yetu inasema hivyo hivyo.

Kinachoninyima usingizi ni hiki. Wanachama kadhaa kati ya waliokubali wamenijia, kila mmoja kwa wakati wake, wakanieleza kuwa wamebanwa na mikopo ya kausha damu, ile ya mitaani yenye riba kubwa. Mmoja alibebewa televisheni na godoro mbele ya wanawe. Mwingine anabadilisha njia ya kurudi nyumbani ili asikutane na wanaomdai. Huyo ndiye aliyeniambia, "Da' mkubwa, hii hela ikitoka tu, na mimi nitapumua."

Maana yake hela yake haitafika kwenye jokofu. Siwaoni kama matapeli, na atakayewaita hivyo hajawahi kudaiwa marejesho ya kila siku na biashara haijauza. Lakini wale sita na wengine wote walipiga kura bila kulijua hili, na mimi nalijua. Niliahidi liishie kwangu.

Kaka yangu, mwalimu mstaafu, nilimweleza bila kutaja mtu. Akanikumbusha Tume ya Jaji Nyalali ya mwaka 1991: Watanzania takriban asilimia 80 walisema tubaki na chama kimoja, lakini Tume ikapendekeza vyama vingi, Mwalimu Nyerere akauunga mkono upande wa wachache, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. "Kiongozi hahesabu mikono tu," akasema. Nilipata nguvu. Baadaye nikaona tofauti yetu. Tume iliandika sababu zake, kila aliyetaka akazisoma na kuzipinga. Mimi nikigoma kusaini nitasema nini? Nikisema nina sababu zangu, nitakuwa nimewazoesha wenzangu kwamba mwenyekiti anaweza kupindua kura na asiulizwe. Atakayekuja baada yangu huenda asiwe na nia njema.

Nimewaomba wahusika waliseme wenyewe kikaoni. Wengine wamekataa, mmoja huku analia. Nimefikiria pia kupendekeza hela yote ilipwe moja kwa moja kwa muuza majokofu, isipite mikononi mwa mtu. Hapo hakuna siri inayovuja na wale sita watatulia. Lakini wenye kausha damu watabeba rejesho jipya juu ya lile la zamani, hawana kitu mkononi, na sina hakika kama hilo ni kuwalinda au ni kuwazamisha. Njia nyingine ni kikundi kianze kuwakomboa kwa fedha zetu wenyewe, mkopo wa halmashauri ufuate baadaye. Hiyo inahitaji kikao, na kikao kitauliza ni kina nani.

Mafunzo tuliyopewa kata yalitufundisha vitabu vya hesabu, na yalitusaidia sana. Hili la mzigo wa siri hatukufundishwa, nami nataka kulijifunza vizuri, maana naamini litarudi tena kwa sura nyingine.

Muhtasari wa kikao cha kuridhia mkopo uko kwangu. Katibu na mhazini wameshasaini, na afisa maendeleo ya jamii anausubiri kabla ya mwisho wa mwezi. Mliowahi kuongoza kikundi, SACCOS, mtaa au kamati ya msikiti au kanisa, mliamuaje pale jambo zito kuliko yote lilipokuwa lile msiloweza kulisema? Na zaidi naomba anijibu aliyewahi kudaiwa kausha damu akiwa ndani ya kikundi kama chetu: ungetaka mwenyekiti wako afanye nini?

Mwenyekiti,
Tandika, Dar es Salaam