Kwa nini gari la kuuza halitoki kwenda testi

Mteja anakuja shoroomu kwetu na pesa yake iko tayari benki, ameshachagua rangi, ameshakaa kwenye siti na kushika usukani, kisha anaomba ufunguo "nikazungushe mara moja tu". Tunamwambia atapewa gari la majaribio, lile lenye namba, si hili alilolikalia. Anaona tumemdharau. Wa mwisho kulalamika aliandika kwamba tunauza mbuzi kwenye gunia, na kwamba pesa ya kununua gari kama hili inampa mtu haki ya kuliwasha na kuondoka nalo. Lawama hii inarudi karibu kila mwezi, kwa hiyo tunaieleza hapa kwa kirefu, pamoja na zile Sh 150,000 tunazotoza kwa kuendesha gari la majaribio, ambazo nazo zinasemwa sana.

Kwa gari la kawaida la familia pengine tungelegeza. Haya ni magari ya mwendo: Golf GTI, GR Yaris, BMW za M. Mtu akipewa ufunguo wake hasikilizi redio. Anataka kuona linavuta vipi, na hiyo ni haki yake kabisa. Swali ni avute gari lipi.

Injini mpya bado haijakaa. Ndani ya silinda kuna michirizi midogo sana, imekwaruzwa makusudi kiwandani ili ishike oili, na ringi za pistoni zinatakiwa zisuguane nayo taratibu, mzigo ukipanda na kushuka, mpaka zizibe vizuri. Ukikanyaga mafuta hadi chini injini ikiwa baridi, oili bado ni nzito na pistoni inatanuka haraka kuliko silinda inayoizunguka. Mkwaruzo ukitokea hapo haufutiki. Gari litawaka, litakimbia, litanguruma vizuri tu, kisha baada ya mwaka mwenye gari anaanza kuongeza oili kila mara na hajui kwa nini. Na kulibembeleza mno kwa mwendo mmoja ule ule nako kuna hasara, kwa sababu ringi hazipati mzigo wa kuzikalisha. Kilomita za kwanza zinahitaji mtu mmoja anayejua anachofanya, tena mtu atakayeishi na gari hilo.

Hatujajitungia haya. BMW kwa magari yake ya M inataka usivuke mizunguko 5,500 kwa dakika wala mwendo wa kilomita 170 kwa saa mpaka gari lifikishe kilomita 2,000, na hapo oili ya injini na ya difu zinabadilishwa. Subaru inasema usivuke mizunguko 4,000 katika kilomita 1,600 za mwanzo. Toyota inataka kilomita 300 za kwanza zipite bila breki za ghafla. Matairi mapya nayo yanatoka kiwandani yakiwa na utelezi juu ya mpira, dawa iliyoyasaidia kutoka kwenye umbo lake, na pedi za breki hazishiki diski sawasawa mpaka zisuguane kwa kilomita mia kadhaa. Yaani siku ambayo mteja ana hamu zaidi ya kukanyaga ndiyo siku ambayo gari halijawa tayari kusimama vizuri.

Sasa piga hesabu. Gari limekaa shoroomu miezi mitatu, wamepita wateja 12, kila mmoja amepewa kilomita 15. Hizo ni kilomita 180 za watu 12 waliotaka kuona linavuta vipi, wengi wao injini ikiwa imetoka tu kuwashwa. Wewe ni wa 13, na unalipa bei ya gari jipya. Tukilitoa kwa yule aliyelalamika, tutalitoa kwa kila mtu, na gari lako litakuwa limeshatoka mara 12 kabla hujalisikia.

Kuna kosa moja tunalotaka mlione kwa karibu, kwa sababu wengi hudhani kompyuta ya gari inazuia kila kitu. Gari la gia za mkono, dereva yuko gia ya tatu, mizunguko 6,000, anataka kupanda ya nne. Ana haraka, mkono unavutwa upande wake, kijiti kinaingia ya pili. Anaachia klachi. Gia ya pili kwenye magari mengi ya aina hii inazungusha injini kama mara 1.4 ya gia ya tatu kwa mwendo ule ule, kwa hiyo injini inarushwa ghafla kwenye mizunguko 8,400, wakati mwisho wake ni kama 7,000. Kompyuta imeshakata mafuta lakini haisaidii, maana sasa matairi ndiyo yanayoisukuma injini. Vali zinaweza kukutana na pistoni pale pale. Zisipokutana, sahani ya klachi na springi za vali zimekula kipigo ambacho hakionekani kwa macho. Yote hayo ndani ya sekunde moja, na dereva atarudi shoroomu akisema gia zilikwaruza kidogo. Baadhi ya magari huweka kumbukumbu: kompyuta ya Porsche, kwa mfano, huhifadhi ni mara ngapi injini ilivushwa kikomo na kwa kiwango gani, na anayenunua gari lililotumika akijua kuisoma anaiuliza. Gari jipya lenye rekodi hiyo kabla ya mwenyewe kulipa, tungemwelezaje?

Ndiyo maana tuna gari la majaribio. Limesajiliwa, lina bima kubwa, limeshavuka kilomita za mwanzo kwa utaratibu wa kiwanda, na oili yake tunaibadilisha kila kilomita 5,000 bila kusubiri taa iwake. Hilo ndilo la kukanyaga.

Utaratibu wenyewe uko hivi. Unaweka miadi. Siku nzuri ni Jumapili kati ya saa 1 na saa 4 asubuhi, kabla barabara hazijajaa. Unakuja na leseni halisi yenye daraja B, si picha kwenye simu, na kitambulisho cha NIDA. Bima yetu inataka dereva awe na miaka 25 au zaidi na leseni yenye umri wa miaka miwili. Mzee mmoja alituuliza kwa nini kijana wake wa miaka 22 hawezi kuendesha wakati yeye ndiye anayelipa. Anaweza kukaa kiti cha pembeni. Akishika usukani na kitu kikatokea, bima hailipi hata shilingi, na deni linabaki kwa baba.

Tunatoka na wewe Mikocheni tukiwa taratibu. Dakika 15 za kwanza hakuna kukanyaga, hata kama mshale wa joto umesimama katikati. Mshale ule ni wa maji. Maji yanafika nyuzi 90 haraka, wakati oili bado iko 50 au 60, na oili ndiyo inayobeba ekseli ya tabo, kile kifaa kinachosukumia injini hewa zaidi. Muda huo haupotei: tunapita Barabara ya Mwai Kibaki yenye matuta, na foleni siku za kazi, na hapo ndipo utakapoishi na gari siku sita za wiki. Sikiliza klachi inashikia wapi. Angalia kama kiyoyozi kinamudu gari likiwa limesimama juani. Likikaribia tuta, muulize afisa wetu likae vipi, na ujaribu mkiwa watu wawili mbele na mmoja nyuma, kwa sababu gari lisilogusa ukiwa peke yako linaweza kugusa familia ikipanda.

Kisha Barabara ya Bagamoyo kuelekea Tegeta. Wengi wanadhani gari la mwendo linapimwa kwa mwendo mkubwa. Weka gia ya nne, kilomita 35 kwa saa, kanyaga hadi chini na uhesabu mpaka lianze kuvuta. Hapo umeijua tabo yake na hujavuka 50. Panapo kibao cha 50 tunaenda 50, trafiki wa tochi hajui kwamba uko testi, na faini ya Sh 30,000 ni ya aliyeshika usukani. Panaporuhusu, tutakuonyesha mahali pa kukanyaga breki kwa nguvu mara moja gari likiwa limenyooka na nyuma hakuna mtu. Mfumo wa kuondokea kwa kasi hatuuwashi. Kila ukitumika klachi inapikwa, na hautakwambia chochote kuhusu gari la kwenda nalo kazini. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 30, na karibu na mwisho tunapunguza mwendo kilomita mbili tatu ili tabo ipoe kabla ya kuzima. Tukirudi tunakagua rimu pamoja, moja moja, wewe ukiwepo.

Sh 150,000 ndiyo gharama ya asubuhi hiyo, unapewa risiti ya EFD, na ukinunua ndani ya siku 60 inakatwa yote kwenye bei. Wapo wanaosema shoroomu nyingine ni bure. Kilomita 30 za gari hili kwa uendeshaji huo zinakula kama lita nne za petroli, na hiyo ndiyo sehemu ndogo. Sehemu kubwa ni matairi, pedi, bima, na gari zima ambalo baadaye tutaliuza kwa bei ya chini kwa sababu limeendeshwa na watu wengi, na tutamwambia mnunuzi wake hivyo waziwazi. Panapoitwa bure, gharama imewekwa mahali pengine, na mara nyingi imewekwa kwenye kilomita za gari utakalouziwa.

Njia ya mkato inayotuuma zaidi ni ya kumwita afisa mauzo pembeni. "Kaka, nitakupa ya soda, tulitoe hili jioni bosi akiondoka." Gari lile halijasajiliwa. Halina bima ya barabarani. Bodaboda akichomoka Kawe, hakuna kampuni itakayoangalia karatasi zako: gari ni la kwako kwa bei yake yote, likiwa limekunjika, na kijana wa watu amepoteza kazi. Lisipogongwa, umeliendesha usiku likiwa baridi, kwa haraka, ukiogopa kuonekana. Yaani umelifanyia gari unalotaka kulinunua kila kitu kinachokatazwa. Tafadhali msiwaweke vijana wetu kwenye mtihani huo.

Njia nyingine ni ya kutojaribu kabisa. "Rafiki yangu analo, nimelipanda." Muulize rafiki ana rimu gani. Golf GTI inakuja na 225/40 za inchi 18 au 235/35 za inchi 19. Kwa ya kwanza, ukuta wa tairi una milimita 90. Kwa ya pili, 82. Milimita nane hizo ndizo zinazosimama kati ya rimu na shimo. Aliyepanda gari la inchi 18 na kuagiza la inchi 19 kwa sababu ya muonekano anakuja kutulalamikia kwamba gari ni gumu, na kubadilisha seti nzima ya rimu na matairi kunazidi mara nyingi ile Sh 150,000 aliyoiona kubwa. Wengine wanajaribu kwetu kisha wanaagiza Japani lililotengenezwa kwa soko la huko. Ni uamuzi wao, ila wajue skrini itakuja kwa Kijapani, redio itaishia masafa ya chini kuliko stesheni zetu nyingi, na mwendo unaweza kuwa umefungwa kwenye kilomita 180. Gari walilojaribu kwetu halikuwa lile.

Na gari lako lenyewe, lile la kuuza, hatukufichi. Linyanyue kwenye lifti utazame chini. Linganisha namba ya chesisi na karatasi. Soma tarakimu nne za mwisho za tairi: 2325 ni wiki ya 23 ya mwaka 2025, na zote nne zisipishane sana. Omba lipimwe kwa mashine mbele yako. Angalia kilomita: gari jipya halisomi sifuri, maana limetembea kiwandani, melini na bandarini, na kwetu linasoma kati ya 10 na 40. Likivuka 60, utudai maelezo kwa maandishi.

Ukishalipa, likasajiliwa na likapata bima kwa jina lako, tunatoka nalo kilomita tano pamoja na fundi kabla hujasaini fomu ya kupokea. Wewe unaendesha, mizunguko haivuki 3,000. Usukani ukivuta upande, breki ikitetemeka, taa ikiwaka, gari linarudi ndani na fomu inabaki bila saini mpaka litengenezwe au ubadilishiwe. Kwenye kioo utakuta kadi imebandikwa yenye kilomita za kuzingatia za gari lako na tarehe ya kurudi kubadilisha oili ya kwanza. Vaa viatu vya soli nyembamba siku hiyo, uhisi klachi inashikia wapi.