Rangi na ramani za uchaguzi Alabama

Mhariri,

Wapo wanaoshikilia kwamba kuchora mipaka ya majimbo ya uchaguzi ni hesabu tu, rangi ya mtu haihusiki. Nawaomba waitazame Alabama, Marekani.

Mwaka 1957 wabunge wa huko waliuchora upya mji wa Tuskegee. Mji uliokuwa mraba ukawa na pande 28 (sijui aliyeshika kalamu alipataje usingizi). Wapiga kura Weusi wapatao 400 wakajikuta nje ya mji, wakabaki 4 au 5. Mzungu hakutolewa hata mmoja. Charles Gomillion, mwalimu wa chuo cha hapo, akaenda mahakamani, na mwaka 1960 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaona kesi yake ina msingi wa kusikilizwa.

Siku hizi hafukuzwi mtu. Weusi wengi hurundikwa jimbo moja, waliobaki wakatawanywa kwingine wasifue dafu. Alabama ina viti 7 katika Baraza la Wawakilishi la Marekani. Weusi ni zaidi ya robo ya wakazi, lakini walikuwa wengi katika jimbo moja tu. Mwaka 2023 majaji 5 dhidi ya 4 wa Mahakama hiyo ya Juu waliikataa ramani hiyo. Wabunge wakarudi na nyingine isiyo na jimbo la pili ambalo Weusi ni wengi! Ikabidi mahakama ya chini imteue mtaalamu wake aichore, na mwaka 2024 Shomari Figures, ambaye ni Mweusi, akachaguliwa katika jimbo lililorekebishwa.

Hesabu gani hiyo inayohitaji majaji kila mara?

Msomaji wenu,
Tanga