Ushuhuda wa aliyechungulia kaburi usigeuzwe maonyesho

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie shuhuda za watu walionusurika kifo, ambazo siku hizi zinachapishwa magazetini, zinasikika redioni na kusambazwa kwenye simu kwa wingi kuliko wakati wowote ninaoukumbuka. Mimi ni mmoja wa watu hao. Moyo wangu ulisimama nikiwa mikononi mwa wauguzi, ukaanzishwa tena, na imani ambayo kwa muda mrefu ilikuwa imebaki midomoni tu ikarudi kuwa imani. Kwa hiyo siandiki kuupinga ushuhuda. Ninachokipinga ni haraka yetu ya kuufanya ama hati ya kuthibitisha kwamba mbingu ipo, ama ndoto ya ubongo uliokosa hewa, huku msimulizi mwenyewe, ambaye bado hajapata hata nguvu za kuketi, akivutwa huku na huku na pande mbili zisizomsikiliza.

Nitaeleza yaliyonipata kwa kifupi, maana sehemu hii ya habari hupendwa kuliko inavyostahili. Nilipelekwa hospitalini nikiwa na maumivu ya kifua yaliyopanda hadi kwenye taya na kushuka mkono wa kushoto, pamoja na jasho jembamba la baridi. Wakati wauguzi wakinibandika nyaya za kupima mapigo, vyumba vya chini vya moyo viliacha kusukuma damu vikaanza kutetemeka tu, hali ambayo, kama daktari alivyonifafanulia baadaye, humwondolea mtu fahamu ndani ya sekunde chache na kuanza kuudhuru ubongo baada ya dakika chache iwapo hakuna anayechukua hatua. Maumivu yalikatika. Sikuona handaki wala nuru mwisho wake, sikukutana na ndugu waliotangulia, sikuelea darini nikiutazama mwili wangu kitandani. Kulikuwa na utulivu usio na kingo, na ndani ya utulivu huo nilijua kwamba ninajulikana, mimi mzima, na yale niliyoyaficha pia, bila kuhukumiwa na bila kuharakishwa. Kisha maumivu yalirejea, safari hii yakiwa ya mbavu, kwa sababu aliyekuwa akinikandamiza kifua alikuwa ameifanya kazi yake sawasawa.

Hayo ndiyo yote. Hata hivyo, nilipoanza kupokea wageni niligundua kwamba kwa watu wengi hayo hayakutosha. Waliniuliza nilimwona nani, alivaa mavazi ya rangi gani, aliniagiza nini, kwa nini alinirudisha. Mmoja, mtu mwema kabisa ambaye alikuwa amefunga na kuniombea, aliponyamaza kidogo alisema kwamba bila shaka nuru ilikuwepo ila nimeisahau, na kwamba nikiendelea kuomba nitaikumbuka. Nilielewa siku ile jinsi simulizi zinavyonenepa. Mgonjwa aliyetoka kuwekewa mpira wa kupumulia kooni, anayepewa dawa za usingizi na za maumivu, ambaye kumbukumbu zake zimechanikachanika, anaulizwa maswali yenye majibu ndani yake na watu anaowapenda na asiotaka kuwavunja moyo. Hahitaji kuwa mwongo ili kufikia wiki ya tatu awe na malaika wawili na bustani.

Haifuati kwamba wanaosimulia nuru wanatunga. Mwaka 2001 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha utafiti ulioongozwa na daktari wa moyo wa Uholanzi, Pim van Lommel, uliowahoji wagonjwa 344 waliofufuliwa baada ya moyo kusimama katika hospitali 10 za nchi hiyo. Wagonjwa 62, yaani asilimia 18, walisimulia jambo la aina hii: utulivu, nuru, kuuacha mwili, kukutana na marehemu. Watafiti wenyewe walitoa hoja ambayo wapenda majibu mepesi hawajaijibu vizuri, kwamba wagonjwa wote hao walikosa oksijeni, na kama kukosa oksijeni peke yake ndiyo sababu, ilitarajiwa wengi wao wawe na la kusimulia, si sehemu ndogo kiasi hicho.

Lakini mimi kila ninapoitazama tarakimu hiyo macho yangu huenda upande wa pili. Zaidi ya wanne katika kila watano walirudi bila chochote. Hao hatuwasomi magazetini, hatuwaiti mbele ya waumini, hatuwapi kipaza sauti. Katika wodi niliyolazwa, mgonjwa wa kitanda cha jirani, ambaye naye moyo wake ulisimama, hakukumbuka lolote kati ya kuanguka kwake na kuamka, na usiku mmoja, baada ya kuwasikia wageni wangu mchana kutwa, aliniuliza kama Mungu alipita kwangu akamruka yeye. Sijawahi kuulizwa swali zito kuliko hilo. Tukisema kwamba alichokiona mtu akiwa katika hali ile ndicho kipimo cha neema, basi tumemwambia huyu, pamoja na walio wengi waliorudi kama yeye, kwamba walipokuwa katika uhitaji mkubwa kuliko wote hapakuwa na mtu upande wa pili. Na wapo waliorudi na hofu, waliokutana na giza na upweke. Hao huchagua kunyamaza, kwa sababu wanajua fika kwamba jamii itaanza kuhesabu dhambi zao.

Upande wa pili wa ubishi nao una haraka yake. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walionyesha kwamba katika sekunde 30 za mwanzo baada ya moyo wa panya kusimama, ubongo wake hutoa mawimbi ya umeme yaliyopangika, tena kwa namna fulani yaliyopangika zaidi kuliko ya panya aliye macho. Wako waliolichukua hilo na kutangaza kwamba suala limefungwa. Mimi sioni lilivyofungwa. Naliona ni jambo la kupendeza kujua kwamba ubongo haukatiki mara moja, na sioni kwa nini muumini aliogope, kwa kuwa kila sala niliyowahi kusali, hata ile ya kivivu, ilipitia kwenye ubongo huu huu. Kujua njia ambayo habari imepita hakumalizi swali la nani aliituma. Wala, kwa uaminifu uleule, hakuthibitishi kwamba yupo aliyeituma.

Katika hili namheshimu mtu ambaye sikubaliani naye. Mwanafalsafa wa Uingereza A. J. Ayer, aliyejulikana maisha yake yote kwa kukana kuwepo kwa Mungu, moyo wake ulisimama mwaka 1988, akarudi akikumbuka nuru nyekundu kali mno, yenye kuumiza. Aliyaandika aliyoyakumbuka bila kuyapunguza, na baadaye akafafanua kwamba kilicholegea ndani yake si msimamo wake kuwa hakuna maisha baada ya kifo, bali ugumu aliokuwa nao katika kuushikilia msimamo huo. Alifariki mwaka uliofuata, bado akiwa mkana Mungu. Hakukimbilia ubatizo ili kuwafurahisha waumini, wala hakuificha nuru ili kuwaridhisha wenzake. Natamani sisi tunaosali tungekuwa na adabu kama hiyo mbele ya mambo tuliyoyaona.

Tena Maandiko tunayoyashika yanatufundisha adabu hiyohiyo. Mtume Paulo anaposimulia habari za mtu aliyenyakuliwa hadi mbingu ya tatu, na wafafanuzi wengi huona kwamba anajizungumzia mwenyewe, anakiri mara mbili kwamba hajui kama mtu huyo alikuwa katika mwili au nje ya mwili, anasema Mungu ndiye ajuaye, kisha anaeleza kwamba maneno yaliyosikika huko haijuzu mwanadamu ayanene. Hapo ananyamaza na kugeukia udhaifu wake na mwiba wake. Barua nzima iliyobaki haisemi tena neno juu ya mbingu ya tatu. Tukilinganisha na shuhuda zetu za saa mbili zenye ramani ya peponi, tofauti inaonekana.

Mfano unaonigusa zaidi, hata hivyo, ni wa Mfalme Hezekia, na nashangaa kwamba husomwa nusu. Tunapenda sana sehemu ambayo aliugua hadi kufa, akageuza uso wake ukutani, akaomba kwa machozi na kuongezewa miaka 15. Tunairuka ile inayosema kwamba nabii Isaya, mtu aliyeleta neno la Mungu la uponyaji, aliagiza pia mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Maombi na dawa vilikuwa chumba kimoja, na nabii hakuona aibu. Tunairuka pia sura inayofuata, ambapo wajumbe wa Babeli wanakuja na zawadi kwa kuwa wamesikia kwamba mfalme alikuwa mgonjwa na amepona, naye anawatembeza kuwaonyesha fedha, dhahabu, silaha na kila kilichokuwamo katika hazina yake. Mtu aliyekuwa analia akielekea ukutani amekwisha kuwa mwenye kuonyesha. Isaya alimuuliza wameona nini nyumbani mwake, na jibu lilikuwa kwamba wameona vyote.

Nimelikumbuka swali hilo la Isaya kila nilipoalikwa kutoa ushuhuda, na nimealikwa kabla mshono wangu haujakauka. Imani yangu haikurudi katika ule utulivu nilioueleza. Mtu anaweza kupita katika utulivu kama ule na akaamka na kuudhika kwamba amerudishwa, jambo ambalo kwa siku kadhaa lilinipata. Ilirudi polepole, katika kazi isiyo na utukufu ya kupona: kushindwa kufika chooni bila kushikwa, kusahau jina la mtu ninayeishi naye, kulia bila sababu ya kueleweka saa ya alfajiri. Katika hali hiyo nilianza kuomba sala zile nilizofundishwa utotoni, ambazo nilikuwa nikizitamka kwa miaka mingi kama mtu anayesoma bango la barabarani, na nikakuta kwamba kila sentensi ina mtu upande wa pili. Utulivu ule ulinifungulia mlango wa kuamini kwamba najulikana. Kuingia kulitaka miezi, na sehemu kubwa ya kuingia ilikuwa ni kujifunza kuoshwa na kulishwa na wengine bila kuona haya. Siogopi kufa kama zamani. Maumivu bado nayaogopa, na sioni kwamba hilo ni upungufu wa imani.

Najua pia kwa hakika ni mikono ya nani iliyonirudisha. Kifua cha mtu mzima hukandamizwa kuingia ndani sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kusimamasimama, na anayefanya hivyo huchoka haraka kiasi kwamba inashauriwa wapokezane karibu kila baada ya dakika 2. Utaratibu huo wa kukandamiza kifua ulielezwa na watafiti wa Marekani mwaka 1960. Kabla ya hapo moyo ukisimama, mara nyingi njia iliyokuwepo ni kukipasua kifua na kuukamua kwa mkono. Ninapomshukuru Mungu, namshukuru akiwa na anwani: muuguzi aliyepanda juu ya kistuli ili apate nguvu ya kunikandamiza, mwenzake aliyempokea, na yule aliyeshika mashine ya kushtua moyo na kupiga kelele wengine wasiguse kitanda. Ushuhuda unaowafuta hao ili muujiza uonekane mkubwa unamnyima Mungu kazi aliyoifanya kwa mikono ya watu, na una hatari nyingine iliyo wazi zaidi, kwamba msikilizaji mwenye maumivu ya kifua atapita kwanza kwenye mkesha kabla ya kwenda hospitali, wakati kila dakika inahesabika.

Ndugu Mhariri, hamwezi kuacha kuchapisha shuhuda, wala siombi muache. Naomba mwandishi anayemhoji mtu aliyenusurika amuulize pia ni nani waliomhudumia, ni matibabu gani anaendelea nayo, na kama bado anameza dawa zake, kisha ayaandike majibu hayo katika aya zilezile, si pembeni. Naomba asimsaidie msimulizi kukumbuka. Viongozi wetu wa dini wangoje hadi mgonjwa aweze kusimama kwa miguu yake na kukataa mwaliko akitaka, na siku wakitupatia nafasi ya kusema, wawape nafasi sawa wale waliorudi mikono mitupu, kwa maana shukrani zao hazikuegemea kitu chochote walichokiona. Nao wauguzi na madaktari, ambao nina deni kwao nisiloweza kulilipa, wakipata dakika moja katika pilikapilika zao, wamuulize mgonjwa kama kuna jambo analokumbuka ambalo lingemsumbua akiwa peke yake. Mimi niliulizwa hivyo na muuguzi wa zamu ya usiku, aliyekuwa akibadilisha dripu. Alisikiliza hadi mwisho, akasema wengine pia humweleza mambo ya namna hiyo na wengine hawakumbuki kitu, akaandika kiwango cha shinikizo langu la damu na kwenda kitanda cha pili.

Wako mtiifu,
Msomaji wenu wa siku nyingi