Zuhura, kabla ya insha nenda kwa mkutubi

Mpenzi Zuhura,

Salamu nyingi. Uliponipigia juzi ukanieleza umepokelewa chuo cha jamii hapa Marekani na masomo yanaanza wiki mbili zijazo, nilipiga kigelegele mpaka mwenzangu wa chumba akatoka kuuliza kulikoni. Halafu ukashusha sauti, ukasema, "Lakini insha naziogopa." Neno hilo halijanitoka, ndiyo maana leo nimekaa nikuandikie.

Muhula wangu wa kwanza niliteka maji mbali, ilhali kisima kiko nyuma ya nyumba. Kila siku nilipita mbele ya maktaba, nikidhani ni pahala pa kukaa kimya tu. Nikanunua kitabu cha fiziolojia kwa hela niliyoiweka kando ya kodi ya chumba. Kumbe nakala yake ilikuwa nyuma ya kaunta! Unaonyesha kitambulisho, unapewa ukisome mle mle kwa saa mbili, unarudisha, na kama hakuna anayekisubiri unapewa tena. Wahadhiri huviweka pale vitabu vya kozi zao. Kwa hiyo, shoga yangu, usinunue kitabu chochote kabla hujauliza kaunta. Na tovuti ikikudai hela usome makala, funga. Mimi nililipa dola 35 kwa kurasa tisa, na makala ile ile ilikuwa bure kwenye hifadhidata za chuo, yaani ile mikusanyo ya makala mtandaoni ambayo chuo kimeshailipia. Unaingia kwa akaunti yako ya mwanafunzi, hata ukiwa kitandani.

Sasa nikusimulie siku niliyokwenda kwa mkutubi, maana hapo ndipo mambo yangu yalipogeuka.

Insha yangu ya kwanza ilikuwa imerudi na alama mbaya, kwa sababu nilijaza maneno ya tovuti zisizo na mwandishi wala tarehe. Ya pili nilipewa wiki tatu. Nilizunguka dawati la utafiti pale maktaba, anapokaa mkutubi, mara mbili naona haya, nikakumbuka mama alivyokuwa akisema: mficha uchi hazai. Nikaketi. Mkutubi, mama wa makamo, akaigeuza skrini yake ili nami nione. Nikamwambia, "Nataka kitu kuhusu wauguzi." Hakugusa kibodi. Akaniuliza, "Kitu gani kuhusu wauguzi kinakunyima usingizi?"

Zuhura, nilijikuta namweleza kazi yangu ya usiku kule kwenye nyumba ya wazee. Nikamwambia ikifika saa kumi alfajiri macho yanakuwa mazito, nasoma kipimo cha presha mara mbili na bado sijiamini, na muuguzi ninayemsaidia ana hali hiyo hiyo akiwa na trei ya dawa mkononi. Akachukua karatasi, akaandika mambo matatu: uchovu, zamu ya usiku, makosa ya dawa. Akanisogezea, akasema, "Swali lako hili hapa." Mpaka leo karatasi ile ninayo. Sikuwa nimejua kwamba maisha yangu mwenyewe yanaweza kuwa swali la kitaaluma.

Ndipo tukaanza kutafuta, na alinifanya niandike mimi, si yeye. Hifadhidata haitaki uieleze kama unavyomweleza mtu. Inataka maneno machache mazito. Kati ya wazo na wazo unaweka AND, ili makala iwe na yote mawili. Kati ya maneno yenye maana moja unaweka OR, ili lolote likipatikana litoshe. Maneno yanayokwenda pamoja, kama zamu ya usiku, unayafunga kwa alama za kunukuu. Na ukiandika nurs kisha ukaweka nyota mwishoni, inakuletea nurse, nurses na nursing kwa mpigo. Matokeo yalikuwa maelfu. Tukachuja kwa miaka, tukabakiza makala zilizopitiwa na wataalamu, yaani zilizosomwa na kukosolewa na watu wengine wa fani ile kabla ya kuchapwa. Zikabaki chache ambazo mtu anaweza kuzipitia jioni moja.

Alinifundisha pia kusoma ikisiri kwanza, ile aya fupi ya juu, kabla sijajitwisha makala nzima. Nikipata iliyo nzuri, nikimbilie marejeo yake mwishoni, ile orodha ya maandishi aliyoyatumia mwandishi. Ni kama kung'oa muhogo: unavuta mmoja, inakuja na mingine.

Mambo mengine nitayagusa tu. Kitabu kisipokuwepo chuoni kwako, omba mkopo baina ya maktaba. Watakiagiza kutoka maktaba nyingine, ila omba mapema kwa sababu kinasafiri kwa posta. Makala hutumwa kwa barua pepe na hufika haraka zaidi. Vyuo vingi vinaazimisha kompyuta mpakato, na vingi vina dirisha la kuandikiana na mkutubi hata usiku wa manane. Kuhusu marejeo, kuna mitindo ya kuyaandika: masomo ya uuguzi hutumia uitwao APA, toleo la 7, na somo la Kiingereza mara nyingi hutaka uitwao MLA. Mashine zinazotengeneza marejeo hukosea herufi kubwa na tarehe, kwa hiyo kagua kwa macho yako.

Akili mnemba, yaani AI, nayo ina hatari yake. Mwanafunzi mwenzangu alikuja dawatini na orodha ya makala aliyopewa na programu moja ya namna hiyo. Mkutubi alitafuta moja baada ya nyingine tukiwa tumesimama pale. Mbili hazikuwepo duniani: majina ya waandishi yalikuwepo, jarida lilikuwepo, makala yenyewe hakuna. Yule kijana alibaki ameduwaa, na insha ilikuwa ya kesho yake. Makala ambayo hujaifungua ukaisoma usiiweke kwenye insha yako.

Nikuambie na jambo moja la moyoni. Vyuo vingi vya Marekani hupanga vitabu kwa mfumo wa Maktaba ya Bunge, wenye herufi na namba. Uuguzi ni RT. Siku moja nilipokuwa nautafuta, nikapotea kidogo, maana sikujua kwamba kwenye kibandiko cha kitabu, baada ya nukta namba husomwa kama desimali, hivyo C38 hutangulia C5, kama 0.38 ilivyo ndogo kuliko 0.5. Katika kupotea huko nikafika PL, ambamo lugha za Afrika nazo zimo, na kwenye 8700 na kitu nikakuta kamusi ya Kiswahili. Ilikuwa moja tu, jalada limechakaa, kuna mtu aliwahi kuweka alama za penseli kwenye ngeli. Nilisimama nimeishika, sikutaka kuirudisha rafuni. Kama chuo chako kina PL, nenda ukaangalie, kisha uniambie umekuta nini.

Mkutubi hatakuandikia insha, wala hatakusomea. Lakini hatakucheka. Mimi nimemwendea na maswali ambayo ningeona haya kumuuliza mhadhiri, na kila mara amevuta kiti cha pili. Usingoje siku ya mwisho kama nilivyofanya mimi. Siku hiyo dawati lina foleni, na hata akikusaidia hutakuwa na muda wa kusoma mlichokipata.

Siku ya kwanza ukitoka darasani, kabla hujapanda basi, ingia maktaba ujitambulishe. Na ukishaandika swali lako la insha, hata kama unaliona baya, nitumie nilione kabla hujalifuta.

Akupendaye,
Mwanaisha