Mmetuonesha geti, tuonesheni na choo

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma tangu nikiwa saidia fundi na sijawahi kuwaandikia hata siku moja, lakini ile habari yenu ya shule binafsi za ada nafuu hapa Mtwara imenikaa kooni. Mwandishi wenu kasifia mazingira, kapiga picha geti, maua, na ukuta uliochorwa ramani ya Tanzania, habari ikaishia hapo. Kwa ilivyoandikwa inaonekana alienda siku ya mahafali, na siku ya mahafali hakuna shule utakayoikuta chafu.

Mimi ni fundi ujenzi, huu mwaka wa 22 nashika mwiko. Binti yangu yuko darasa la nne kwenye shule mojawapo ya hizo hizo. Ada laki saba kwa mwaka, tunalipa kidogo kidogo, inayobaki tunamalizia mama yake akishalipwa hela ya korosho za Nanyamba. Sio hela ya kuokota.

Mwezi wa tatu mtoto akaanza kulalamika tumbo la chini, akikojoa anasikia maumivu. Zahanati wakapima wakasema UTI, akamaliza dawa, wiki tatu mbele ikarudi. Nesi ndo akamuuliza swali ambalo mimi baba mtu sikuwahi kumuuliza, mwanangu shuleni unakunywa maji? Akajibu hanywi, ili asije akabanwa akaenda chooni. Yaani tangu alfajiri anapopanda gari mpaka saa kumi jioni, na joto letu hili tunalolijua, mtoto wa miaka kumi anajinyima maji kwa makusudi kabisa.

Kesho yake saiti sikwenda. Nilienda shuleni saa nne, muda wa uji, nikaomba kuona choo. Choo cha wasichana kina matundu manne, mlango mmoja umepigiliwa misumari, kwa hiyo yanayotumika ni matatu, na wasichana nilivyoambiwa na mwalimu wa zamu ni 138. Utaratibu wa serikali unataka tundu 1 kwa wasichana 20 na tundu 1 kwa wavulana 25, sasa pigeni wenyewe hesabu, hapo walitakiwa wawe na matundu 7. Katika ile milango mitatu miwili haina komeo, mtoto akiingia mwenzake anasimama nje anaushika mlango kwa mikono miwili, nimewaona kwa macho yangu, halafu kengele ikalia yule wa nje akakimbilia darasani, mlango ukafunguka wenyewe na wa ndani bado kachuchumaa. Nikageuza uso pembeni nikaondoka haraka na machozi yalikuwa yananilenga, maana nilijua wangu naye yamemkuta hayo hayo. Sakafu haina slopu, maji machafu yametuama pale pale mtoto anapokanyaga. Nje kuna tangi la lita 5,000 limekaa juu ya mnara wa tofali, ukiliona kwa mbali unasema hapa pana maji, nikapanda nikaligonga kwa ngumi likaitika tupu toka juu mpaka chini. Bomba la kuingiza maji halijaungwa popote, linaishia hewani na limezibwa kwa gunzi. Maji ya kunawa ni ndoo moja yenye koki kwa shule nzima na muda huo yalikuwa yamebaki ya kina cha vidole viwili.

Nikaangalia na majengo, ndo kazi yangu. Juu ya dirisha la darasa la pili pana ufa kidole changu cha shahada kinaingia, dirisha wamelipiga bila lenta ya maana, na ukuta huo huo ndo umepakwa rangi mpya na kuchorwa twiga.

Mwalimu mkuu nilimkuta, tukaongea kwa heshima, akaniambia mzee kwa ada hii ulitegemea nini? Neno lile limeniuma kuliko vyote nilivyoviona. Ada nafuu naielewa, ina maana hamna kompyuta, hamna uwanja wenye nyasi, chakula ni uji na makande, sawa, tulikubali wenyewe. Lakini komeo ni kama elfu tatu! Rangi ya geti lile najua bei yake maana napaka za watu, hela ile ingefunga makomeo yote na lile bomba likaungwa na chenji ikabaki.

Na magari siyaachi. Julai 2022 pale Mjimwema, Mikindani, gari la shule lilipata ajali tukazika watoto, mji mzima ukalia. Leo ukisimama Magomeni asubuhi utaona Noah inapita watoto wamepakatana, mabegi yamebanwa kwenye vioo. Gari la mwanangu nimehesabu wakishuka, 19. Mzazi akikagua madarasa gari akaliacha hajakagua shule, maana mtoto anaanza kuwa mikononi mwa shule pale anapopanda.

Ninachotaka mimi kila shule ya kulipia iweke ubao getini, pale pale wanapobandika ufaulu, iandikwe kwa chaki na kubadilishwa kila Jumatatu: wavulana wangapi, wasichana wangapi, matundu mangapi yanatumika wiki hii, tangi lina lita ngapi. Na mzazi anayetafuta nafasi ya Januari aende Jumanne saa nne bila kuaga, ofisini asikae, aombe kwenda kujisaidia kwenye choo cha wanafunzi.

Makomeo na bomba nilijitolea kufunga bure siku ile ile, nikaambiwa niandike barua kwa mmiliki. Nimeandika, mpaka leo kimya, na makomeo yapo kwenye begi langu la vifaa. Mwandishi wenu akiwa tayari kurudi nampeleka mwenyewe kwa pikipiki yangu, tangi aligonge kwa mkono wake.

Fundi na mzazi,
Chikongola, Mtwara